Kusubiri jibu la PhD

Swali lenu la wiki hii linauliza ni kusubiri kupi kumemnyima msomaji usingizi kuliko kote, na alikuwa anafanya nini wakati anasubiri. Mi nimelisoma nikiwa bado nipo katikati ya kusubiri kwenyewe, manake hadi naandika hapa nina maombi 8 ya PhD ya historia niliyotuma toka Desemba, 4 yameshakataliwa, moja limewekwa kwenye orodha ya akiba, yaani naitwa tu kama aliyekubaliwa akikataa nafasi yake, na 3 kimya kabisa. Na huu ni mwaka wa pili. Mwaka jana nilituma 6 na zote sita zikarudi hapana.

Watu wengi ukiwaambia unasubiri majibu ya chuo wanafikiria matokeo ya mtihani, kwamba kuna siku imetangazwa, mnaangalia wote kwa pamoja, mnalia au mnashangilia, basi imeisha. Hii haina siku. Kwa vyuo vya Marekani, ambako ndiko nimeomba sehemu kubwa, dedlaini nyingi zinaangukia kati ya mwanzo wa Desemba na katikati ya Januari, alafu kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Machi majibu yanadondoka moja moja, idara hii leo, ile baada ya wiki tatu, na hata ndani ya idara moja waliokubaliwa wanaambiwa kwanza, wa akiba wanaambiwa baadaye au hawaambiwi kitu, na waliokataliwa mara nyingi ndio wa mwisho kujua. Kwa hiyo kwa miezi miwili kila asubuhi unaamka ukijua inawezekana ndiyo leo, na kila usiku unalala haikuwa leo.

Niwaeleze usiku mmoja wa mwezi wa pili. Simu nimeilaza kifudifudi makusudi, niko naosha vyombo, nasikia inatetemeka juu ya meza. Mikono ina povu. Nikajiambia maliza kwanza, nikamaliza vikombe viwili nikashindwa. Barua pepe yenyewe ina mistari miwili tu, kwamba kuna mabadiliko kwenye maombi yako, tafadhali ingia uone. Yaani jibu hawaliweki kwenye barua pepe! Inabidi ufungue potali yao, yaani ukurasa wa mtandaoni wa waombaji, na kila chuo kina potali yake, na kila potali ina masharti yake ya neno la siri, hii inataka namba, ile inataka herufi kubwa na alama, mi nimeziandika zote ukurasa wa mwisho wa daftari. Nikakosea mara mbili. Ya tatu ikakubali. Ikaja nembo ya chuo, ikaja tarehe, likaja jina langu limeandikwa kamili bila kosa hata moja, alafu sentensi ya kwanza ikaanza na "Tunakushukuru kwa".

Sikuendelea. Sampuli ya maandishi niliyotuma kwenye maombi yangu, kurasa 22, inahusu hivyohivyo vitu, jinsi watu wa zamani walivyokuwa wanafungua barua zao za maombi, anayeomba anasalimu vipi, anayekataa anaanzaje. Nimekaa na barua hizo miaka mitatu. Anayekukubalia hana haja ya kukushukuru kwanza, anaanza na habari yenyewe. Shukrani ikitangulia najua kinachokuja nyuma yake.

Na hapa ndipo penye jambo langu kubwa. Sisi tuliosoma historia, fasihi, falsafa na kadhalika, kazi tuliyofundishwa ni kusoma. Tunapewa sentensi moja tunaigeuza mpaka itoe kitu. Tunafundishwa kwamba hata kilichoachwa kusemwa kina maana. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo umpe kimya cha wiki tisa uone. Mwaka jana nilisoma kila kitu. Profesa mmoja alinijibu mwezi wa kumi kwamba nakaribishwa kuomba, nikalichambua hilo neno kukaribishwa kama andiko takatifu, je angemwambia hivyo kila mtu, mbona hakusema "natarajia kuona maombi yako" kama alivyomwandikia mwenzangu. Hali ya maombi kwenye potali ilibadilika kutoka imepokelewa kwenda inapitiwa, nikakaa nayo siku nzima. Nikisikia mtu kakubaliwa idara niliyoomba na mi sijaandikiwa, nilikuwa nahesabu, wamemwandikia Jumatano, leo Ijumaa, kwa hiyo mi basi. Na kila hesabu iliishia palepale, kwamba sifai, kwamba andiko langu lilikuwa dogo na mimi nilikuwa sioni. Dada yangu alikuwa ananisikiliza kwenye simu siku moja nikiendelea hivyo, akaniuliza taratibu, "Kwani wao wameandika nini?" Nikamwambia hawajaandika kitu. Akanyamaza.

Kilichonisaidia mwaka huu siyo ushauri wa kutulia, na naomba watu waache kuutoa huo ushauri, kwa sababu mtu aliyeweka miaka minne mitano ya maisha yake kwenye faili moja hawezi kutulia kwa kuambiwa. Kilichonisaidia ni kuelewa kule ndani kunafanyika nini. Mwalimu wangu mmoja, kati ya watatu walioniandikia barua za mapendekezo, amewahi kukaa kwenye kamati ya udahili, na baada ya zile hapana sita nilimwendea nikamwambia Mwalimu naomba unieleze ukweli wote. Akanieleza.

Kamati ni maprofesa wachache wa idara, wana mafundisho yao mengine, na mbele yao kuna mafaili mengi kuliko viti kwa mbali sana. Idadi ya viti hawaipangi wao peke yao, inapangwa na hela. Kwenye PhD nyingi za Marekani zenye ufadhili mtu akikubaliwa analipiwa ada na anapewa posho kwa miaka kadhaa, mitano hivi au zaidi, kwa hiyo kila kiti ni ahadi ndefu ambayo chuo kinajifunga nayo. Wenzetu wa sayansi mara nyingi profesa ana fedha za utafiti, anaweza kumlipa mwanafunzi humo. Kwetu hakuna maabara, hela inatoka zaidi kwenye mfuko wa chuo na kwenye kazi ya kufundisha wale wa digrii ya kwanza, na mfuko ukikaza viti vya humu ndio vinaanza kupungua. Mwaka 2020 korona ilipoingia, idara nyingi za fani hizi zilisimamisha kabisa kupokea wapya ili zibakize hela ya kuwasaidia waliokuwa tayari ndani. Mwishoni mwa 2024 Boston University nao wakasimamisha udahili wa PhD kwenye fani kadhaa za aina yetu kwa mwaka uliofuata. Sasa mtu aliyekuwa amejiandaa kwa ajili ya mwaka ule, na akawa ameshapunguza kurasa 60 zikawa 20 kwa ajili ya sampuli, huyo alikosea nini?

Alafu kuna mambo ya kulingana, na hili nilikuwa silijui kabisa. Idara inaweza kulipenda faili lako na bado ukakosa, kwa sababu yule profesa mmoja anayeweza kukusimamia anaenda likizo ya utafiti, au anakaribia kustaafu, au mwaka jana walichukua wawili wa eneo hilohilo na mwaka huu zamu ni ya wengine. Na hata wakishakubaliana, majina yanapanda juu kuidhinishwa, kwa hiyo kuna siku au hata wiki nzima ambapo uamuzi umeshafanyika na wewe unaendelea kuangalia potali.

Nikamuuliza, kwa hiyo Mwalimu sikukosea? Nilitaka sana aseme ndiyo. Akasema, "Sijasema hukukosea, mwanangu. Nasema kimya chao hakiwezi kukuonyesha ulipokosea. Lete andiko tulisome." Tukalisoma. Na kweli lilikuwa na udhaifu, maelezo yangu ya nia yalikuwa yanasimulia kwa nini naipenda historia badala ya kusema nina swali gani na kwa nini lijibiwe pale na siyo kwingine. Hilo nililipata kwenye andiko, tukiwa wawili, na kalamu. Kwenye zile barua sita za kukataliwa nisingelipata hata ningezisoma mara mia, zote zilikuwa zinafanana karibu neno kwa neno.

Hii orodha ya akiba niliyomo sasa nayo ina kanuni yake. Kuna makubaliano ya Council of Graduate Schools, umoja wa vyuo vyenye masomo ya juu ya digrii ya kwanza huko Marekani, vyuo vingi vimesaini, kwamba mtu aliyepewa ofa yenye ufadhili halazimishwi kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Ni jambo zuri, linamlinda mwanafunzi asibanwe achague kabla hajasikia kote. Ila maana yake ni kwamba mtu mwenye ofa tatu anaweza kuzishika zote hadi siku hiyo, na nyuma ya kila ofa anayoishika kuna mtu kama mimi. Wengi wa akiba wanaitwa wiki hizo mbili za mwanzo wa Aprili, wengine tarehe 15 yenyewe, saa za mwisho. Kwa hiyo kama unasoma hapa na una ofa ambayo moyoni unajua huendi, nakuomba kwa heshima zote, iandikie ile idara leo. Usione haya kukataa. Hujui unamtoa nani kwenye shida gani.

Rafiki yangu aliyeomba Uingereza mateso yake ni mengine. Kule mara nyingi nafasi na hela vinakuja tofauti, alipata barua ya kukubaliwa mapema kabisa, ndugu wakafurahi, wakapiga simu, na yeye inabidi amweleze kila mmoja kwamba nimekubaliwa lakini bado, nasubiri ufadhili, bila ufadhili siendi. Kila akieleza anaona sura za watu zinashuka. Kaniambia bora angekaa kimya mpaka mwisho, na mi namwelewa. Mama yangu mwenyewe hana ujasiri wa kuuliza, anapiga anaongea habari zote za dunia, alafu akiwa anataka kukata ndio anasema, "Na wale watu?" Mwaka jana nilikuwa namdanganya, namwambia mambo yanaenda vizuri. Mwaka huu namwambia namba, mama, wanne wamekataa, mmoja kaniweka akiba, watatu bado. Anasema haya. Nimegundua kumwambia namba kunaniumiza kidogo kuliko kudanganya.

Potali naangalia mara moja kwa siku, usiku, ofisi zao zikishafungwa. Siku ambazo nimeshindwa ni nyingi, ila siyo nyingi kama mwaka jana. Majibu ya wengine siyatafuti tena. Nimeomba pia kazi mbili, moja ya uhariri na moja ya nyaraka, na nimeziomba kwa nia kabisa, nikiitwa naenda.

Lakini mlichouliza hasa ni mtu anafanya nini, basi niseme kinachonichukua muda mwingi. Nimerudi kwenye zile barua. Nina picha zake kwenye kompyuta, nilizipiga mwenyewe nilipokuwa naandika tasnifu ya mastazi, na wiki ya pili ya Februari, baada ya ile hapana ya usiku wa vyombo, nilifungua barua moja ambayo nimeinukuu ukurasa wa 11 wa sampuli yangu. Mtu anaomba kazi ya ukarani. Inaanza "Bwana mheshimiwa", ndivyo nilivyoinukuu, na pembeni mwa hilo neno Bwana kuna doa la wino ambalo miaka yote mitatu nimelipita kama doa. Safari hii sikuwa na haraka ya kwenda popote, nikaikuza ile picha mpaka nyuzi za karatasi zikaonekana. Siyo doa. Ni neno limekatwa, kakata mistari minne, mitano, kalamu ikazama mpaka karatasi ikakwaruzika. Nikaongeza mwanga, nikapunguza, nikageuza rangi. Chini ya mikwaruzo inaonekana N, na mkia wa g, na u ya mwisho. Alianza kuandika "Ndugu".

Alianza kumwita ndugu, akasimama, akakata, akaanza upya na Bwana mheshimiwa. Na hakuchukua karatasi nyingine, labda hakuwa nayo. Nilikaa pale nikimwangalia huyu mtu akiwa ameshika kalamu. Nikamwandikia Mwalimu usiku uleule nikamtumia picha, akanijibu asubuhi, "Ukurasa wa 11 itabidi uandikwe upya," nikafurahi kuliko nilivyowahi kufurahi toka Desemba, nasema kweli, japo sampuli yenye kosa hilo ndiyo iko mezani kwa kamati zote nane na siwezi kuibadilisha.

Toka siku hiyo napitia barua zote upya kutafuta maneno yaliyokatwa. Nimefika ya 63, nimeshapata saba. Ya yule karani nimetafuta kama alijibiwa, nikaangalia karatasi zilizofuata kwenye faili lake, zote ni za watu wengine. Kuna picha za kasha jingine sijazifungua bado, naanza nazo leo usiku.