Seli shina, seli za shina au seli mama?

SWALI: Mimi ni muuguzi Dodoma. Tangu upandikizaji wa uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) uanze huku kwetu, tunaandaa vipeperushi vya kuwaelimisha wazazi wa watoto wenye selimundu. Wenzangu wengine wanaandika “seli shina”, wengine “seli za shina”, na mmoja kashikilia “seli mama”. Tufuate lipi? Halafu tumekuta mahali “seli shina za mtu mzima” zikitolewa kwenye kitovu cha kichanga. Inakuwaje?

JIBU: Andikeni seli shina.

Tazama kwanza kazi ya kiunganifu -a. Tukisema seli za ngozi, seli za ini, seli za ubongo, tunataja mahali seli zilipo. Kwa mantiki hiyo, “seli za shina” kwa mwanafunzi wa baiolojia ni seli zilizo kwenye shina la mwembe, na hatakuwa amekosea. Lakini Kiswahili kina njia nyingine ya zamani: kuweka nomino mbili bega kwa bega, ya pili ikieleza ya kwanza ni ya namna gani. Ndivyo tulivyopata punda milia na askari kanzu. Selimundu yenyewe imeundwa hivyo hivyo: seli iliyopinda kama mundu. Kwa hiyo seli shina ni seli iliyo shina kwa nyingine. Ikigawanyika, inaweza kuzaa iliyo kama yenyewe na pia inayokwenda kuwa kitu kingine.

Upatanisho unafuata seli, si shina: seli shina hii, seli shina hizi zinagawanyika. Na msiandike “seli mashina”, kama vile hakuna anayesema “selimiundu”.

“Seli mama” tuiache, kwa kuwa ina kazi tayari. Seli yoyote inapogawanyika huitwa mama, na zile mbili zinazotokea ni binti. Shina ni neno lenye asili yake pia. Mwaka 1868 Mjerumani Ernst Haeckel aliandika Stammzelle, na Stamm kwao ni shina la mti na vilevile ukoo. (Kwa Watanzania shina ni pia ngazi ya chini kabisa ya CCM, chini ya tawi. Mzee akiuliza balozi wa shina anahusikaje na damu ya mjukuu wake, msimcheke.)

Sasa aina zake. Zile za mwanzo kabisa ni seli shina za kiinitete, yaani mimba ikiwa changa kabisa, zinazochukuliwa kwenye kiinitete cha siku tano hivi, kinachoweza kutosha kwenye ncha ya sindano. Waandishi wengi wa habari huandika “za kijusi”, na hilo ni kosa la lugha linalozaa ugomvi wa maadili usio wake: kijusi ni hatua ya baadaye, baada ya wiki nane hivi, kikiwa na mikono na miguu. Seli hizi zinaweza kuwa karibu kila aina ya seli mwilini. Za binadamu zilikuzwa maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1998.

Za pili ndizo mlizokuta zikiitwa “za mtu mzima”. Jina hilo ni tafsiri ya sisisi, nalo linapotosha, maana hata mtoto aliyezaliwa leo anazo. Semeni seli shina za tishu, au tajeni tishu yenyewe: seli shina za damu, seli shina za ngozi. Hapo ndipo za inapopata kazi yake halali. Seli shina za damu zimo kwenye uloto, na kwenye damu ya kitovu pia. Ya kitovu ilipandikizwa kwa mgonjwa mara ya kwanza Paris mwaka 1988.

Aina ya tatu ni seli za kawaida, kwa mfano za ngozi, zilizorejeshwa katika hali ya mwanzo. Shinya Yamanaka wa Japani alifanya hivyo kwa seli za panya mwaka 2006, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Bado sijaona jina fupi la kunishawishi. Kwa sasa “seli shina rejeshwa” linatosha.

Vipeperushi vyenu, hata hivyo, vinahusu za damu tu, na ni vizuri viseme hivyo wazi. Huko mitaani wanauza vidonge vya “seli shina” vya kutibu kisukari, presha na ugumba. Seli shina ni kitu hai. Haikaushwi ikawa unga na kumezwa.

Neno kupandikiza nalo linawatisha wazazi, wakidhani mtoto atapasuliwa. Elezeni kwamba uloto wake unaondolewa kwa dawa kali, kisha seli za mchangiaji zinaingizwa kwa dripu mshipani, nazo zinajipeleka zenyewe mifupani.

Mwisho, liangalieni neno ndugu. Mkiandika “ndugu anaweza kuchangia”, watakuja mabinamu, shangazi na jirani aliyetoka kijiji kimoja na baba. Anayetafutwa kwanza ni wa baba mmoja mama mmoja, na hata huyo ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. “Ndugu wa tumbo moja” pia halitoshi, kwa sababu tumbo linamtaja mama peke yake. Andikeni: kaka au dada wa baba mmoja na mama mmoja.