Mpira wa Besiboli Wenye Saini za Timu: Anza na Mpira Wenyewe, Majina Baadaye

Waswahili wengi tunaoishi huku Marekani tumezoea kupita kwenye minada ya vitu vya nyumbani, hasa pale familia inapouza mali za mzee aliyefariki. Siku hizi naletewa sana swali la mipira ya besiboli iliyojaa saini. Mtu ananitumia picha, amelikuza jina la Mickey Mantle, staa wa Yankees (timu ya New York), hadi limejaa kioo cha simu, anauliza: "Kaka, hii ni ya kweli?" Nimekusanya mipira ya namna hii kwa miaka mingi, na kila mara naomba kwanza picha ya upande wenye muhuri wa kiwanda.

Mpira rasmi wa ligi kubwa una umri wake, na umri huo unasomeka. Ligi kubwa ni mbili, American League (ndiko waliko Yankees) na National League, na kila moja ilipiga muhuri wenye jina la rais wake. Kwa American League, William Harridge alikaa kuanzia 1931 hadi 1959, akafuata Joe Cronin mpaka 1973, Lee MacPhail mpaka 1983, halafu Bobby Brown kuanzia 1984. National League walikuwa na Ford Frick kuanzia 1934, Warren Giles kuanzia 1951, na Chub Feeney kuanzia 1970. Kabla ya 1934 mishono ya mpira wa American League ilikuwa ya nyuzi nyekundu na buluu, na ya National League nyekundu na nyeusi. Kwa hiyo ukiuziwa mpira rasmi wa Yankees wa 1927 wenye nyuzi nyekundu tupu, rudisha pesa mfukoni.

Wino nao una tarehe. Kalamu ya biki ilianza kuuzwa madukani New York mwezi Oktoba 1945. Lou Gehrig, staa mwingine wa Yankees, alifariki Juni 1941. Jina lake likiwa limeandikwa kwa biki, hakuna haja ya kutafuta mtaalamu.

Baada ya hapo chukua orodha ya kikosi cha mwaka unaotajwa, ukae nayo mezani. Tuchukue Yankees wa 1961, msimu ambao Roger Maris alipiga homurani 61 (pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote) akaipita rekodi ya Babe Ruth. Timu hii naipenda kwa mafunzo kwa sababu inaghushiwa mno. Maris alifika Yankees kabla ya msimu wa 1960 na akaondoka baada ya 1966. Casey Stengel aliinoa timu hadi 1960. Mwaka 1961 kocha mkuu alikuwa Ralph Houk. Mpira wa 1961 wenye saini ya Stengel katikati ya wachezaji una maelezo ya kutoa. Muhuri wake unatakiwa uwe wa Cronin. Elston Howard, mchezaji wa kikosi hicho, alifariki Desemba 1980, kwa hiyo saini yake haiwezi kukaa kwenye mpira wenye jina la Bobby Brown. Kuna pia mipira ambayo wachezaji hao waliisaini uzeeni, walipokutana kwenye hafla za kumbukumbu. Saini hizo ni halali kabisa, ila bei yake si ya mpira wa 1961, na muuzaji mwaminifu atakwambia hivyo mwenyewe.

Watafute pia wachezaji wa benchi. Mtu anayeghushi anajua kuiga Mantle na Maris, lakini mara nyingi hana habari na mrushaji wa akiba aliyecheza mechi chache. Mpira wenye mastaa watupu, umepangwa vizuri, kila jina linasomeka, unanitia shaka kuliko ule uliofifia wenye majina matatu nisiyoyatambua.

Sasa shika kioo cha kukuzia. Kwenye mpira huo wa 1961, weka R tatu mbele yako: ya Roger Maris, ya Ralph Houk na ya Bobby Richardson. Kisha B za Berra, Boyer na Bobby huyo Richardson. Kama zote zinaanzia mahali pamoja, zinapinda kwa mwinamo mmoja na kufungwa kwa mtindo mmoja, kalamu ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Tazama na mwisho wa mistari. Mtu anayeandika jina lake huandika haraka, na wino huchongoka anapoinua kalamu. Anayeiga huenda polepole. Mstari unatetemeka, mwisho wake ni butu, na pengine kuna kitone pale aliposimama kufikiri. Kama saini zote zina rangi moja na uzito mmoja, wala hakuna mkwaruzo wowote wa kalamu kwenye ngozi, huenda ni za kuchapwa kiwandani. Mipira hiyo iliuzwa viwanjani kama ukumbusho.

Kuna jambo linalowaumiza wengi, nami linanigusa kila ninapolazimika kumweleza mtu. Mpira unaweza kuwa wa kweli, umetoka kwenye timu yenyewe, na jina la staa likawa si la mkono wake. Wahudumu wa vyumba vya kubadilishia nguo waliwasainia mastaa waliochoka na maboksi ya mipira. Pima kila saini peke yake. Usimkubali Mantle kwa sababu tu saini iliyo jirani yake, ya mwenzake Kubek, ni ya kweli.

Cheti cha kuthibitisha saini pia kisikutulize moyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, FBI waliuvunja mtandao mkubwa wa waghushi huko California katika Operation Bullpen. Miongoni mwa vitu vilivyokamatwa kulikuwa na mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa. Vyeti havikuwapungukia. Cheti ni maoni ya mtu, kwa hiyo angalia nani ameyatoa. PSA na JSA, kampuni za kuhakiki saini, wanaheshimika sokoni, na namba za vyeti vyao unaweza kuzihakiki kwenye tovuti zao kabla hujalipa. Namba isipopatikana, au picha iliyoko huko ikiwa ya mpira mwingine, mwambie muuzaji asante na uende zako.