Kabla Hujajumlisha Alama: Kwa Wanaoanza Kupima Unyumbufu wa Kisaikolojia

Wenzangu mnaoanza shahada ya umahiri ya saikolojia, na ninyi washauri nasaha mnaotaka kujua kama tiba mnayotoa inasaidia, naandika kuhusu jambo linalopitiwa haraka darasani halafu linasumbua tasnifu nzima. Unyumbufu wa kisaikolojia haumaanishi kukosa majonzi. Ni uwezo wa mtu kukaa na hofu, kumbukumbu na mawazo yanayomuumiza bila kuyakimbia, huku akiendelea kufanya yale anayoyathamini. Ndio msingi wa tiba ya kukubali na kujitoa, inayojulikana kwa kifupi kama ACT, ambayo Steven Hayes na wenzake waliijenga kule Marekani. Kwa hiyo kila dodoso unaloshika, liulize kwanza: linapima maumivu ya mtu, au namna anavyoishi nayo?

Wengi wenu mtaanza na AAQ-II, dodoso fupi la kupima unyumbufu huu, na naelewa kwa nini. Ina maswali 7 tu, kila moja linajibiwa kwa kiwango cha 1 hadi 7. Bond na wenzake waliichapisha mwaka 2011 baada ya kuijaribu kwa watu 2,816 katika sampuli 6, na wastani wa alfa, yaani namba inayoonyesha jinsi maswali yanavyokwenda pamoja, ulikuwa 0.84. Msimamizi akikwambia ulete kipimo kufikia Ijumaa, utaleta hicho.

Kisome sasa taratibu, kwa sauti. Swali la kumbukumbu chungu kumzuia mtu kuishi maisha anayoyathamini limekaa vizuri, kwa sababu linaunganisha uchungu na mwenendo. Lakini kuna linalouliza kama hisia zinamletea mtu matatizo maishani, na jingine kama anaona watu wengi wanayamudu maisha kuliko yeye. Mtu mwenye sonona atayakubali yote mawili hata kama kila asubuhi anaamka, anawaandalia watoto chai na kwenda kazini na huzuni yake. Martin Wolgast alilionyesha hili mwaka 2014: maswali ya AAQ-II yalikuwa karibu zaidi na dhiki yenyewe kuliko na kukubali hisia. Mwaka 2018 Rochefort na wenzake nao waligundua kuwa kipimo hicho kinafanana mno na vipimo vya tabia ya kuelemewa na hisia hasi.

Maana yake kwa tasnifu yako ni hii. Ukikusanya AAQ-II na PHQ-9, dodoso la dalili za sonona, siku moja, kwa watu walewale, ukapata uhusiano mkubwa, usikimbilie kuandika kwamba ukosefu wa unyumbufu unaleta sonona. Huenda umepima kitu kimoja mara mbili. Na hata kama ni vitu viwili, data ya siku moja haisemi kipi kilitangulia. Anayedai kwamba tiba inafanya kazi kupitia unyumbufu lazima apime unyumbufu katikati ya tiba, kabla dalili hazijapungua, kisha apime dalili baadaye. Hilo lipangwe kwenye pendekezo la utafiti, maana wakati wa uchambuzi utakuwa umechelewa.

Njia nyingine zipo. CompACT ya mwaka 2016 ina maswali 23 na inatoa alama za sehemu tatu: uwazi kwa yanayompata mtu, utambuzi wa anachokifanya, na kutenda kwa kufuata anayoyathamini. MPFI ya mwaka 2018 ina maswali 60 katika vipengele 12, sita vya unyumbufu na sita vya ukosefu wake. Ni nzuri kwa utafiti, lakini mhojiwa aliyeacha genge lake ili akusikilize hatafika swali la 60 akiwa na akili ileile ya mwanzo. Kwa wagonjwa wa maumivu sugu kuna CPAQ, na kwa vijana kuna AFQ-Y. Mimi napenda zaidi wazo la Todd Kashdan na wenzake, waliotoa kipimo mwaka 2020 ambacho humtaka mtu ataje kwanza lengo lake mwenyewe, kisha maswali yote yahusu vikwazo vya lengo hilo. Hapo unajua mtu anazungumzia nini.

Jambo hili nilifundishwa vizuri na mama mmoja niliyekuwa nikimhoji nyumbani kwake. Nilipomsomea swali la kumbukumbu chungu alinitazama, akauliza: "Mwanangu, unauliza siku za kawaida, au siku kama ile ya arobaini ya baba yao?" Dodoso halikuwa na mahali pa kuandika jibu hilo, ilhali swali lake lilikuwa sahihi kabisa. Unyumbufu hubadilika kulingana na siku na mazingira, na swali la jumla humlazimisha mtu kukisia wastani. Psy-Flex, yenye maswali 6, angalau inauliza kuhusu siku saba zilizopita.

Ukihoji kwa mdomo, viwango saba ni vingi kwa masikio. Watu watakwambia "kweli kabisa" au "hapana", na katikati patabaki patupu. Tayarisha kadi yenye duara saba zinazokua kutoka ndogo hadi kubwa. Uliza kwanza kama jambo hilo ni kweli kwake au si kweli, ndipo umwombe aguse duara. Usipunguze viwango kimyakimya kuwa vitatu halafu ukalinganisha alama zako na za makala nyingine. Na kabla ya ukusanyaji wenyewe, tafuta watu wachache wanaofanana na wahojiwa wako, wasomee kila swali, waombe walieleze kwa maneno yao. Siku moja ya kazi hiyo itakufunulia mengi ambayo alfa haiwezi kuyaona.

Angalieni pia mwelekeo wa alama. Kwenye AAQ-II, alama za juu ni unyumbufu mdogo. Kwenye CompACT, alama za juu ni unyumbufu mkubwa, na baadhi ya maswali yake lazima yageuzwe kabla ya kujumlishwa. Andika mwelekeo huo juu ya kila jedwali.

Kwa washauri: alama 24 hadi 28 za AAQ-II, zilizopendekezwa mwaka 2011 kama mpaka wa dhiki, si utambuzi wa ugonjwa, na hazikutokana na watu wetu. Chukulia kijana aliyefukuzwa kazi, akaacha kwenda vikao vya familia kwa aibu. Anaanza na 38. Baada ya wiki kadhaa ana 36, na ukiangalia namba tu utaona tiba imekwama. Lakini ameenda kwenye kikao cha harusi ya mdogo wake, amekaa hadi mwisho, amechangia, na aibu ilikuwepo muda wote. Hayo ndiyo mabadiliko ambayo ACT inayatafuta. Kwa hiyo kila wiki hesabu naye pia vitendo: alikwenda wapi, alikaa muda gani, aliacha nini.

Hiyo haimaanishi kwamba kupima dhiki ni kosa. Kaskazini mwa Uganda, mpango wa Self-Help Plus wa Shirika la Afya Duniani, ambao umejengwa juu ya ACT, ulijaribiwa kwa wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na kipimo kikuu kilikuwa dhiki, kwa kutumia dodoso la Kessler 6, kwa sababu lengo lilikuwa kuipunguza, na kweli ilipungua. Walijua wanachotafuta. Nawe amua kipi ni kikuu kabla ya mhojiwa wa kwanza, uandike kwenye itifaki.

Mwisho, tunzeni majibu ya kila swali, si jumla peke yake, na pembezoni mwa dodoso andikeni maneno ya mhojiwa kama alivyoyatamka. Msimamizi akiuliza kwa nini swali la nne limekataa kuungana na mengine, jibu mara nyingi litakuwa pale pembezoni.