Wasomaji Wanauliza: Shinji kaondoka na Mari, mimi nimebaki na uchungu

SWALI: Habari yako kaka wa ukurasa wa sinema. Mimi ni dada niko Morogoro, Evangelion, ile katuni ya Kijapani ya watoto wanaoendesha maroboti makubwa, nilianza kuicheki nikiwa sekondari kwenye CD za kukopi, nikaja kuzifuata zile filamu mpya moja baada ya nyingine. Ya nne ambayo ndiyo ya mwisho, Thrice Upon a Time, niliikwepa muda mrefu makusudi maana nilijua nikishaiona basi ndo imeisha. Juzi nimeiona. Nimelia alafu nikakasirika, yaani Shinji, yule rubani mhusika mkuu, anaondoka na Mari, mtu ambaye kwenye tamthilia ya mwanzo hata hayupo, wakati Asuka na Rei, marubani wenzake ambao nimekua nao, wanaagwa kwa dakika chache tu. Nyumbani wananiambia acha kulilia katuni. Hivi wewe ule mwisho uliuelewaje? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Dada yangu pole, na hao wa nyumbani wala usibishane nao. Umekaa na hawa watu tangu shule, kuwalilia ni haki yako kabisa, na mimi nililia pia tena sio mwishoni, nililia kule kijijini, nitakuja hapo.

Kwanza niwakumbushe wasomaji wengine. Tamthilia ilianza kuonyeshwa Japani Oktoba 1995, episodi 26, ikaisha Machi 1996 kwa mwisho ambao mashabiki wengi hawakuupokea kabisa, wakamjia juu mwongozaji Hideaki Anno. Mwaka 1997 akatoa filamu ya The End of Evangelion, nzito na ya kuumiza kuliko hata tamthilia yenyewe. Baadaye akafungua studio yake ya Khara akaanza upya kwa filamu nne: 2007, 2009, 2012, halafu kimya. Baada ya ile ya 2012 Anno alivunjika, mwenyewe aliandika wazi mwaka 2015 kwamba alipatwa na sonona, akashindwa kabisa kuigusa Evangelion, akaenda kutengeneza Shin Godzilla ya 2016 kwanza. Filamu ya nne ikapangwa Juni 2020, korona ikaisogeza, ikasogezwa tena, ikaingia kumbini Machi 8, 2021. Ina dakika 155 na kule Japani ilivuka yeni bilioni 10. Nakutajia haya yote maana nadhani ule mwisho unaoukasirikia umetengenezwa na mtu aliyetoka huko, aliyeanguka akainuka, na unaonekana.

Sasa kijiji. Unakumbuka filamu ya tatu inarusha miaka 14 mbele, Shinji anaamka bado mtoto, kila mtu kambadilikia, Kaworu, rafiki yake mpya, anakufa mbele ya macho yake. Ya nne inaanza na pambano kule Paris alafu inatulia, inatupeleka kwenye kijiji cha walionusurika, na humo ndani tunamkuta Toji. Toji yule yule aliyesoma darasa moja na Shinji! Sasa ni daktari, kamuoa Hikari wa darasa lile lile, wana mtoto mchanga. Kensuke, mwanafunzi mwenzao, naye mtu mzima, fundi wa kila kitu pale kijijini. Shinji haongei, hali, amejikunyata ukutani na anayemgombeza zaidi ni Asuka ambaye hasira zake zote ni mapenzi tu, anamsukumia chakula mdomoni kwa nguvu. Na yule Rei mwingine, nakala ya Rei tuliyemzoea, asiyejua hata salamu, anaenda kupanda mpunga na kina mama, anaoga nao, anambeba mtoto, anajifunza kushukuru, na anajua kabisa hana muda wa kuishi nje ya Nerv, shirika lililomtengeneza. Anayeyuka pale pale mbele ya Shinji akiwa ameshaonja kidogo maisha ya kawaida. Aisee. Hakuna roboti, hakuna malaika (yale majitu wanayopigana nayo), ni watu wanalima, na ndiyo sehemu bora ya filamu zote nne kwangu mimi, sibadilishi.

Na hapo ndipo nataka nikuambie kitu. Sisi tuliokua na hii stori tunajiona kina Shinji, lakini angalia vizuri, sisi ni Toji. Tumemaliza shule, tumeajiriwa au tumehangaika, wengine tumezaa, tumezika wazazi, na yeye muda wote huo alikuwa bado ana miaka 14 kwenye kile kiti cha rubani, ameganda. Filamu yenyewe inasema marubani hawakui, wanaita laana ya Eva, yaani yale maroboti. Anno hangeweza kumwacha pale. Kwa hiyo Shinji anapomaliza, anakaa na baba yake, Gendo, ndani ya treni anamsikiliza, na Gendo kwa mara ya kwanza anaongea kama binadamu, utoto wake wa upweke, piano yake, jinsi alivyompata Yui, mama yake Shinji, akashindwa kuishi bila yeye. Baada ya hapo Shinji anawaaga wengine mmoja mmoja.

Asuka kaagwa ufukweni, ufukwe ule ule wa mwisho wa 1997, na safari hii Shinji anamwambia kwamba alimpenda, na Asuka anaonekana mtu mzima, amelala pale uso umemuiva kwa aibu. Unasema dakika chache, sawa, lakini zile dakika zinajibu jeraha la tangu 1997. Na je, ungetaka kweli wabaki pamoja? Walishaumizana sana wale watoto. Mari yeye kaingia 2009, hana deni lolote na Shinji, hakuwepo kwenye yale mateso ya mwanzo, ndo maana ni yeye anayeweza kumfuata kule alikobaki peke yake akamtoa. Wanatoka mbio stesheni wameshikana mikono, Shinji mkubwa kavaa suti, alafu picha inageuka mji halisi. Ile stesheni ni Ube-Shinkawa, mji wa Ube, ndiko Anno alikozaliwa 1960. Na wimbo wa mwimbaji Hikaru Utada unaingia. Mimi sioni kama ni hadithi ya nani kampata nani, naona mwongozaji anamkabidhi mtoto wake nyumbani kwao.

Nikubaliane nawe kwa moja. Yale mapambano ya katikati ni marefu mno, picha za kompyuta zimejaa hadi hujui nani anampiga nani, zile dakika wangempa Misato, yule kamanda, nafasi zaidi kabla hajajitoa mhanga, maana yule mama na mtoto wake ambaye hakuwahi kumlea, pale filamu imekimbia. Hapo hasira yako naipokea yote.

SWALI: Mdogo wangu wa miaka 16 anataka kuanza Evangelion. Naweza kumrukisha tamthilia aende moja kwa moja kwenye filamu mpya? Msomaji, Nakuru.

JIBU: Usimrukishe. Filamu ya 2007 inafuata episodi sita za mwanzo karibu hatua kwa hatua kwa hiyo ataona kama ameelewa, lakini ya 2009 inaanza kupinda na hatojua imepinda kutoka wapi, na ya mwisho ndo atapotea kabisa maana inarudi kwenye picha za zamani. Aanze na tamthilia, iliwekwa Netflix 2019, kisha filamu ya 1997, na hiyo kaa naye maana ina mambo mazito ya kujiua na mengine ya kikubwa, mpe nafasi ya kuongea. Ndipo ziingie zile nne kwa mpangilio. Na ile ya 2012 ikimchanganya asiishie hapo, mwekee ya 2021 wiki hiyo hiyo, sisi tulisubiri zaidi ya miaka minane yeye hana sababu.