Jibu: Kenneth 2019, tulihamishwa bure?

Mkuu, umeuliza kama utabiri wa kimbunga Kenneth, uliotuhamisha sisi wa Mtwara, ulikuwa uongo, na wenzetu wa Mauritius wanavimudu vipi vimbunga. Haukuwa uongo. Tarehe 25 Aprili 2019 kilipiga Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Kingepinda kidogo kaskazini, ingekuwa zamu yetu. Siku ile hapa Shangani, Mtwara, tulivuta mitumbwi mpaka kwenye minazi. Mzee mmoja akagoma, akabaki barazani anashona nyavu zake. Hadi leo anatucheka.

Mauritius hawangoji uhakika. Ofisi yao ya hali ya hewa iko Vacoas, hutoa tahadhari kwa ngazi, na muuza duka anajua ikifika ngazi gani anafunga duka. Njia ya kimbunga baharini hufuatiliwa na kituo cha Wafaransa kilichopo Réunion, na TMA, mamlaka yetu ya hali ya hewa, hupata taarifa hizohizo. Kuvipa vimbunga majina ni kazi ya Madagaska na Mauritius, wamegawana bahari kwenye longitudo 55.

Halafu usitazame upepo peke yake. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, kiliishiwa nguvu kisiwani Mafia, lakini mvua ikakata barabara ya kwenda Dar pale Somanga, Kilwa. Waliokuwa kwenye mabasi ya Dar waulize wenyewe walilala wapi.