Muulize Msanifu: Kasri la katuni kwenye shamba la mikorosho

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina ekari mbili kando ya barabara ya Mtwara mjini kwenda Mikindani, zina mikorosho mikubwa aliyoiacha marehemu baba. Jumamosi na sikukuu naweka bembea na lile puto la kurukia, watoto wanajaa. Sasa nataka kujenga kasri kama yale ya filamu za katuni, watu wapige picha na watoto waingie ndani. Kijana mmoja amenichorea ramani ya ghorofa tatu na minara minne. Nilipoona makadirio nikakaa chini. Wengine wanasema nichore tu wale wanyama maarufu wa katuni ukutani, yatosha. Nifanyeje? – Mama wa Bembea, Mtwara

JIBU: Marahaba mwanangu. Ramani uliyotuma nimeitazama. Kijana ana mkono mzuri, ila amekuchorea hoteli. Mnara wa kushoto una ngazi nyembamba ya kupandia mtu mmoja, na huko juu hakuna cha kufanya ila kushuka. Hiyo ngazi ndiyo inakula pesa zako.

Makasri unayoyaona kwenye bustani za burudani ni madogo kuliko yanavyoonekana. Lile la kwanza la Disneyland, kule Anaheim, California, lililofunguliwa Julai 1955, lina mita 23 hivi. Mnazi mrefu wa Msimbati unalifikia. Ukubwa wake umo kwenye uchoraji wa mawe. Mawe ya chini ni makubwa, na kila unavyopanda yanapungua, madirisha nayo vivyo hivyo. Jicho limeshazoea kuwa kinachoonekana kidogo kiko mbali, basi linajidanganya lenyewe kwamba kilele kiko mbali sana. La Disney kule Florida, la mwaka 1971, lina karibu mita 58, na lilizuiwa makusudi lisifike futi 200, maana huko jengo likifika kimo hicho linadaiwa taa za kuonya ndege. Nani anataka taa nyekundu inayowakawaka juu ya kasri la binti mfalme? Tena halina tofali hata moja: ni chuma, zege na faibaglasi.

Kwako mita 7 zinatosha, na ghorofa hazihitajiki kabisa. Jenga chumba kimoja cha chini kwa tofali, juu yake weka maganda ya minara: nondo nyembamba, wavu wa kuku, halafu lipu pande zote mbili. Lipu ya mwisho ikiwa bado mbichi, fundi achukue ncha ya mwiko achore mistari ya mawe. Mstari wa kwanza wa chini uwe na kimo cha sentimita 40, unaofuata 36, apunguze kidogo kidogo mpaka juu kabisa ziwe 10. Asipime kwa kukisia, akate vipande vya mbao vya kila kimo kabla hajaanza, maana lipu haimsubiri mtu. Madirisha ya juu yawe ya kuchora au ya kina kifupi, yasizidi nusu ya yale ya chini. Na asipande mtu mzima huko. Kichwa cha mtu kikichomoza dirishani tu, mnara wote unasinyaa mbele ya macho ya wateja.

Sasa uamuzi mkubwa ni huu: wapi pa kudanganya na wapi pa kusema kweli. Mimi napima kwa mkono. Pale ambapo jicho tu linafika, danganya utakavyo. Pale ambapo mkono wa mtoto unafika, weka kitu cha kweli. Wajapani wamelielewa hili vizuri. Mwaka 2005, kwa maonyesho ya dunia yaliyofanyika Aichi, walijenga nyumba ya wale watoto wawili wa My Neighbor Totoro, filamu ya katuni ya Kijapani. Leo nyumba hiyo imo ndani ya Ghibli Park, bustani ya filamu za katuni iliyofunguliwa Novemba 2022. Ni nyumba ya mbao ya kawaida, haina mnara wala gari la kukimbia kwenye reli, lakini mgeni anaruhusiwa kufungua kabati na kuvuta droo. Mtoto wa miaka mitano macho yake yako kama mita moja kutoka ardhini. Chuchumaa hapo ulipopanga mlango, utazame. Anachokiona yeye hapo ndicho kasri. Minara ni ya mzazi mwenye simu. Kwa hiyo mlango wa mti wa kweli, komeo la kweli linalofungika na kufunguka, vishimo ukutani vya kuingiza mkono na kupapasa kitu. Weka mlango wa watoto wa mita moja na robo, na ubavuni wake mlango wa kawaida, ili mama aweze kuingia mbio mtoto akilia.

Kuhusu umbo, nitasema wazi: kasri la Ulaya chini ya mikorosho silipendi. Waliojenga bustani ya Disney ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1992, walikutana na tatizo hilo kwa upande wa pili. Wafaransa wana makasri ya kweli, hawawezi kushangazwa na la kuiga, ndiyo maana wasanifu wakalipaka la kwao rangi ya waridi na kulizungushia miti iliyokatwa kimraba kama ya kwenye filamu. Watoto wa Mikindani nao kila siku wanapita kwenye nyumba za mawe na Boma la Wajerumani la mwaka 1895. Ukuta wa mawe si kioja kwao. Ila sisi tuna wachongaji wa Kimakonde. Tazama kinyago cha shetani: sikio limevutwa mpaka gotini, jicho moja, mdomo umepinda, mwili unazunguka kama moshi. Toontown, mtaa wa katuni ndani ya Disneyland ya California, wa mwaka 1993, ilijengwa karibu bila mstari mnyofu ili ifanane na katuni. Mchongaji wa Newala anafanya hivyo tangu utotoni. Mwite akukalie mezani na huyo kijana wa ramani. Mlango uwe mdomo wa fisi, Sungura akae juu ya paa akicheka, mnara upinde kidogo. Kupinda ni kwa ganda tu. Nguzo zisimame wima.

Hao wanyama maarufu wa ukutani usiwaguse. Tunayo Sheria ya Hakimiliki ya 1999, na wewe unatoza kiingilio. Sungura na Fisi hawana mwenyewe.

Upo pwani: mchanga usiwe wa ufukweni, maji ya kuchanganyia yawe yasiyo na chumvi, la sivyo chumvi italiwa na nondo, hapana, nondo zitaliwa na chumvi, na minara itaanza kupasuka yenyewe. Ganda lifungwe kwenye lenta ya chumba, lisikalishwe tu. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipotua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, tulikaa roho juu hapa. Mchoro wa mwisho upitiwe na msanifu na mhandisi waliosajiliwa, na kibali cha halmashauri kitoke kabla ya kuchimba msingi. Mikorosho usikate hata mmoja, foleni yako itakaa kivulini humo.

SWALI: Nasoma kidato cha sita Lindi, nachora katuni. Wanaobuni bustani hizo walisomea nini? – Mchoraji, Lindi

JIBU: Wengi wa mwanzo walitoka kwenye filamu: wachoraji wa mandhari na wajenzi wa seti. Septemba 1953 mchoraji Herb Ryman alichora picha kubwa ya kwanza ya Disneyland kwa mwisho wa wiki mmoja, Walt Disney akiwa pembeni yake, ikapelekwa New York kuombea pesa. Hapa nyumbani omba usanifu majengo, Chuo Kikuu Ardhi ni mahali pazuri, na usiache kuchora. Zoezi la likizo: Tendaguru iko mkoani kwako, mifupa ya dinosaria ilichimbwa huko kati ya 1909 na 1913 ikapelekwa Berlin. Mmoja wao amesimamishwa huko, ana kimo cha zaidi ya mita 13. Nichoree lango ambalo mtoto anapita katikati ya miguu yake, unitumie.

SWALI: Rangi gani haipauki na jua la huku? – Fundi Rangi, Masasi

JIBU: Zote zinapauka, ndugu yangu. Zenye asili ya udongo, yaani kahawia, manjano ya udongo na nyekundu ya tofali, hudumu zaidi. Nyekundu kali na zambarau paka sehemu unayoifikia bila jukwaa, iwe rahisi kuzirudia.