Shokapu za mbele za baiskeli, ngumu kwa mtoto wa kilo 28

Dada, umesema viganja vya binti yako vinamuuma kila akishuka njia za mawe za Mabatini, na fundi amekwambia shokapu zitalainika zenyewe. Hazitalainika. Zimewekwa kwa uzito wa mtu mzima.

Funga rababendi kwenye ule mguu wa shokapu unaong'aa, isukume chini hadi iguse mpira wa vumbi, ule unaozunguka mguu pale unapoingia chini. Mshikilie baiskeli, apande taratibu, asimame kwenye pedali, kisha ashuke bila kuitikisa. Kwa shokapu ya milimita 100, rababendi iwe imepanda milimita 20 hadi 25; ikipanda chini ya hapo, bado ni ngumu mno.

Kama ni za upepo, punguza presha kidogo kidogo, upime tena. Tumia pampu ya shokapu, tafadhali, si ya tairi! Kisha geuza kile kitufe cha chini, mara nyingi chekundu, kinachoongoza kasi ya shokapu kurudi juu, upande wa kasi; presha ikipungua shokapu huchelewa kurudi juu, na mawe yakifuatana huikuta bado imezama.

Za springi zina ubishi zaidi. Kitufe cha juu hakilainishi springi, kinaibana tu. Kilegeze chote, ikigoma, badilisha springi, weka laini zaidi.

Na hakikisha loki, ile inayozuia shokapu isibonyee, imefunguliwa.